Shangazi, mwanangu halali ila kwenye kiti chake kinachonesa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa mtoto mmoja wa kiume, ana wiki 11. Alizaliwa kwa wakati wake akiwa na kilo 3.1, na kliniki wanasema anakua vizuri. Mke wangu amesharudi kazini na anaingia zamu za usiku, kwa hiyo usiku mwingi nabaki na mtoto peke yangu. Mchana nafanya kazi zangu nyumbani kwenye kompyuta, naye yuko pembeni yangu.

Binamu yangu alitupa kile kiti cha mtoto kinachonesa, wengine hukiita baunsa. Ni fremu ya chuma iliyotandwa kitambaa, mtoto anaegama, nusu amekaa nusu amelala, na akirusha miguu kinanesa chenyewe. Kina na kidude cha betri cha kutetemesha. Shangazi, kiti hiki kimetuokoa. Mtoto alikuwa akilia kila jioni mpaka sauti inamkauka, lakini ukimweka humo na kukinesesha kidogo kwa mguu, ananyamaza na kusinzia. Shida ni kwamba sasa halali popote pengine. Nikimtoa nimpeleke kitandani kwake, mgongo ukigusa tu godoro, macho yako wazi na kilio kinaanza upya. Ndiyo maana siku hizi nakiacha kiti kando ya kitanda chetu na mtoto analala humo mpaka asubuhi.

Wiki iliyopita usiku nilisikia sauti kama mkoromo mdogo mdogo. Nikawasha taa. Kichwa kilikuwa kimeanguka mbele, kidevu kimekandamiza kifua. Nilimnyanyua kichwa, sauti ikakoma, akaendelea kulala. Tangu siku hiyo mimi ndiye nisiyelala. Mke wangu anasema watoto wote hukoroma, na kwamba mkao ule unamfaa kwa sababu anacheua sana baada ya kunyonya. Mama yangu mzazi hataki hata kukiona kiti, anasema kitamvunja mgongo na kumchelewesha kukaa. Shemeji yangu naye anatushawishi tununue bembea kubwa ya umeme, inayojibembeza yenyewe na kupiga muziki, anasema hiyo ndiyo dawa.

Jambo jingine, huwa nakiweka kiti juu ya meza ninapofanya kazi au kupika, ili mtoto anione na mimi nisiiname kila mara. Je, kuna ubaya? Na kifungo kimoja cha mkanda kimekatika, kwa hiyo mara nyingi namweka bila kumfunga. Kama kiti hiki hakifai, nitafute cha namna gani? Naomba unieleze kwa kirefu, maana hapa nyumbani kila mtu ana lake.

Baba asiyelala

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto. Naanza na ule usiku, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja hadi kesho, hilo haliwezi.

Kuanzia leo mtoto asilale tena usiku kwenye kiti. Afungwe mkanda asifungwe, kiwe kando ya kitanda chenu au mguuni pako, hapana. Alazwe chali kwenye kitanda chake, juu ya godoro gumu lililo bapa, bila mto, bila blanketi zito, bila mwanasesere. Kitanda hicho kiwe chumbani kwenu, karibu na mnapolala, angalau mpaka atimize miezi 6.

Nikueleze sababu, maana najua saa tisa za usiku, mtoto akilia na wewe umechoka, amri tupu haitakusaidia. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kikubwa na kizito kuliko shingo yake inavyoweza kustahimili. Tena kisogo kimetokeza kwa nyuma, kwa hiyo akiegama, mgongo wa kiti unakisukuma kichwa kwenda mbele. Akiwa macho anakirudisha, anageuka, anahangaika nacho. Akisinzia misuli inalegea, kichwa kinadondoka, kidevu kinatua kifuani. Njia yake ya hewa ni nyembamba na laini, na ikikunjwa hivyo inajibana kama mpira wa maji uliopinda. Mtu mzima angegutuka akajiweka sawa. Mtoto wa wiki 11 mara nyingi hana nguvu hiyo, na kuna wengine ambao hawatoi sauti yoyote. Wewe ulisikia mkoromo, ukaamka, ukawasha taa. Mshukuru Mungu kwa hilo, lakini usilifanye kuwa mpango wa kila usiku.

Wengi hunijibu hapa kwamba watanunua kamera, au wataweka kiti karibu zaidi. Kamera inakuonyesha mtoto aliyetulia, na mtoto anayekosa hewa naye huwa ametulia. Ukaribu una maana mtu akiwa macho. Wewe usiku ule ulikuwa umelala. Mkanda nao unamzuia asidondoke, haumzuii kukunja shingo. Na mkanda uliolegea una hatari yake nyingine: mtoto anateleza chini taratibu mpaka mkanda unamfika shingoni.

Mke wako ana haki ya kusema watoto hukoroma. Pua zao ni ndogo na usingizi wao una kelele nyingi. Lakini mkoromo unaokoma pale pale unapokinyanyua kidevu ni wa mkao, si wa pua. Mwambie hivyo kwa upole. Mweleze pia daktari mnapokwenda kliniki, msisubiri kuulizwa. Na siku yoyote ukimkuta midomo imekuwa ya buluu au ya kijivu, amelegea, au kifua hakipandi, mtoe, mlaze palipo bapa, mwamshe na uite msaada wa dharura papo hapo.

Haya si maoni yangu peke yangu. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinasema wazi kwamba viti vya kukalia, vikiwemo vya gari, bembea na hivi vya kunesa, si mahali pa usingizi wa kawaida, hasa kwa walio chini ya miezi 4. Mtoto akisinzia humo ahamishwe kwenye sehemu bapa mara inapowezekana. Mwaka 2019 huko huko Marekani, vitanda vya watoto vya mshazari vya aina moja, takriban milioni 4.7, viliondolewa sokoni baada ya vifo vya watoto waliokuwa wamelazwa humo. Mwaka 2022 ikatungwa sheria ya kupiga marufuku vitanda vya watoto vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10. Kiti kama chako kimeinama kupita hapo kwa mbali. Hakikupigwa marufuku kwa sababu hakiuzwi kama kitanda. Kinauzwa kwa ajili ya mtoto aliye macho, anayetazamwa na mtu mzima aliye macho. Na kumbuka kwamba vifo vya ghafla vya watoto usingizini hutokea zaidi kati ya mwezi wa kwanza na wa nne, na wako yuko katikati ya miezi hiyo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, ya kumtoa kwenye kiti na kumzoesha kitanda. Itakugharimu siku kadhaa ngumu, sikufichi. Lakini unasema mgongo ukigusa godoro anaamka, na hapo kuna jambo la kukusaidia. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani waliwapima watoto mapigo ya moyo walipokuwa wakibebwa na kulazwa. Waliona kwamba mtoto huanza kugutuka pale anapoachanishwa na mwili wa mzazi, kabla hata hajafika kitandani. Kwa hiyo usilaumu godoro. Waliona pia kwamba kumbeba mtoto anayelia na kutembea naye mfululizo kwa dakika 5 kulimtuliza, na kwamba aliyepitiwa na usingizi mikononi alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuendelea kulala iwapo mzazi alikaa naye kimya dakika nyingine 5 hadi 8 kabla ya kumlaza.

Basi fanya hivi. Tembea naye, mwendo ule ule, bila kusimama kila hatua. Akishalala, kaa. Usiwe na haraka. Tazama mkono wake: ukiunyanyua kidogo na kuuachia ukadondoka kama kitambaa, usingizi umeingia. Ndipo uinamie kitanda naye akiwa bado amegusa kifua chako, uiname wewe mpaka karibu kabisa, badala ya kumshusha kwa urefu wa mikono. Tanguliza makalio, kisha mgongo, kichwa kiwe cha mwisho. Mkono mmoja ubaki juu ya kifua chake kwa muda, bila uzito, na ukiutoa uutoe polepole. Akishtuka, usimnyanyue mara moja. Mara nyingine kinachotakiwa ni mkono huo huo na sauti yako. Akilia kweli, mchukue uanze tena.

Anza na usingizi wa kwanza wa usiku, maana ndio mzito zaidi kwa watoto wengi. Mchana mlaze kitandani mara moja au mbili akiwa amesinzia ila hajapotelea, apate kuzoea kwamba usingizi unaweza kumkuta pale. Na kuna hili la kukutia moyo: kilio cha jioni huwa kikali zaidi karibu na wiki ya 6, kisha hupungua, na watoto wengi hutulia wakifika miezi 3 au 4. Mmeshavuka kilele.

Nina hofu na jambo moja kwako, baba uliye peke yako usiku. Siku utakapokuwa hoi, utatamani kukaa kwenye sofa na mtoto kifuani ufumbe macho dakika mbili tu. Usifanye hivyo kamwe. Sofa ni mahali pabaya kuliko hata kile kiti: mtoto anateleza kati yako na mito na huwezi kujua. Ukihisi usingizi unakubeba, mlaze kitandani kwake hata kama atalia. Na hasira ikikupanda, kwa sababu hupanda kwa kila mzazi, mlaze chali kitandani, funga mlango, toka nje ya chumba dakika chache upumue, mpigie mtu simu. Mtoto hafi kwa kulia dakika chache akiwa mahali salama. Kumtikisa kwa nguvu kunaweza kumuua au kumharibu ubongo. Kunesesha kiti taratibu kwa mguu si tatizo, ila kusiwe na nguvu inayorusha kichwa huku na huku.

Kuhusu kucheua. Mke wako hajalitunga, ni imani ya wengi kwamba kuegama kunazuia maziwa kupanda. Lakini mtazame mtoto akiwa kwenye kiti: amejikunja tumboni, magoti yamepanda, nepi imebana. Mkao huo unaliminya tumbo, na maziwa yanaweza kupanda zaidi. Wala usiogope kwamba akilala chali atapaliwa. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, hivyo kinachopanda kinalazimika kwenda kinyume na uzito wake ili kiingie kwenye hewa. Mtoto mzima wa afya anameza au anakitema. Kinachosaidia ni kumbeba wima begani dakika 20 hadi 30 baada ya kunyonya, kumcheulisha katikati ya kunyonya na mwisho, na kutomweka kwenye kiti akiwa ndiyo kwanza ameshiba. Akitapika kwa kurusha mbali, matapishi yakiwa ya kijani au yana damu, au uzito ukiacha kupanda, hilo ni la daktari siku hiyo hiyo.

Mezani, hapana. Kiti kinachonesa kinatembea. Kila mtoto anaporusha miguu kinasogea kidogo sana, usione, na kidude cha kutetemesha kinakisogeza zaidi. Kiweke juu ya sakafu laini, kineseshe kwa mkono bila mtoto, uone kinavyoondoka mahali pake. Ukingo wa meza hauko mbali, na mtoto huanguka na kiti chote, kichwa kikitangulia. Kitandani na kwenye sofa napo ni vivyo hivyo, na pale kuna la ziada: kiti kinaweza kupinduka kwenye kitu laini mtoto akaangukia uso na asiweze kupumua. Mahali pa kiti ni sakafuni tu, pasipo ngazi karibu, pasipo waya wala kamba za pazia anazoweza kuvuta. Jikoni kiwe mbali na jiko na mahali unapopita umebeba vitu vya moto. Mgongo ukiuma kwa kuinama, kaa wewe chini. Mtoto wa miezi miwili na nusu anapenda uso wako ukiwa karibu, haoni vizuri ulio mbali.

Mama yako sasa. Mpe heshima yake, kwa sababu chini ya maneno yake kuna ukweli, ingawa si ule anaousema. Kiti hakivunji mgongo. Lakini saa nyingi kwenye kiti zinamnyima mtoto kazi anayotakiwa kuifanya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa watoto walio chini ya miaka 5, na kwa walio chini ya mwaka mmoja linasema wasifungwe mahali pamoja, iwe kwenye kiti, kigari au mgongoni, zaidi ya saa 1 kwa mkupuo. Linasema pia mtoto asiyetambaa bado alale kifudifudi akiwa macho angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa.

Hizo dakika 30 ndizo zinazojenga anachokihofia mama. Kifudifudi mtoto ananyanyua kichwa, anajisukuma kwa mikono, shingo na mabega yanapata nguvu, na huko ndiko kukaa na kutambaa kunakotokea. Kwenye kiti hakuna hata kimoja cha hayo; kiti kinamshikilia. Halafu kuna kichwa chenyewe. Fuvu bado ni laini, na mtoto anayeegemea kisogo kile kile usiku kwenye kiti, mchana kwenye kiti, na njiani kwenye kiti cha gari, kisogo chake kinaweza kubonyea bapa upande mmoja. Mpitishie kiganja nyuma ya kichwa leo, taratibu, ulinganishe kulia na kushoto. Ukihisi tofauti kubwa, mwonyeshe daktari mapema, maana mapema hurekebishika kwa urahisi zaidi.

Watoto wengi hulalamika wakilazwa kifudifudi. Usianze na mkeka peke yake. Jilaze wewe chali, macho wazi, umweke kifuani pako tumbo kwa tumbo, uzungumze naye. Atanyanyua kichwa akutafute. Dakika 2, dakika 3, baada ya kila kubadilisha nepi. Mwachie mama yako kazi hii akiwepo. Ataifurahia, na atakuwa anafanya lile lile analolipigania.

Ukiniuliza kuhusu siku nzima, mimi ningempa mtoto wa umri huu kiti kwa vipande vya dakika 15 hadi 20, mara chache kwa siku: unapooga, unapokula, unapojibu simu ya kazi. Hapo kiti ni baraka na sitaki ukione kama adui. Mtoto anaona chumba kwa upande mwingine, anapiga mguu na kugundua kwamba mguu ule ndio ulionesesha kiti, anarudia. Hilo lina faida. Akianza kusinzia humo, mchukue. Usimalizie barua pepe kwanza.

Na kwa sababu hiyo simwungi mkono shemeji yako. Bembea ya umeme ina tatizo lile lile la mwinamo na shingo, na juu yake inaongeza kishawishi: inajibembeza bila kukuhitaji, kwa hiyo inakuwa rahisi kumwacha humo saa nzima. Tena mguu wa mtoto hauna kazi, mota inafanya yote. Mshukuru kwa nia yake. Akitaka kutoa zawadi, mwombe mkeka mzuri wa kuchezea sakafuni. Akikutajia kile kiti chenye magurudumu cha mtoto kujifunzia kutembea, kataa kabisa: kinampa mtoto mwendo asioweza kuudhibiti, karibu na ngazi na jiko, na Kanada wamepiga marufuku kukiuza tangu 2004.

Kiti cha binamu kisitumike tena, hata mchana. Kifungo kikishakatika, kiti hakina mkanda, na usijaribu kufunga kamba au pini mahali pake. Mtoto akiwekwa kwenye kiti, afungwe kila mara hata kwa dakika moja, kwa kuwa siku atakayojigeuza kwa mara ya kwanza hatakuarifu. Mkanda mzuri unapita kati ya miguu na kiunoni, na mwingine hufika mabegani. Ule wa kati ya miguu ndio usiokosekana, huo ndio unaozuia kuteleza. Ukishamfunga, kidole kimoja au viwili viingie kwa kubana kati ya mkanda na mwili.

Ukienda kutafuta kingine, kiguse, usinunue kwa picha. Kikandamize kwa kiganja pale kichwa kitakapokaa, kisha pale miguu itakapokuwa: kisinyanyuke upande wa pili wala kuyumba kando. Kitako kiwe kipana kuliko sehemu ya kukalia, na miguu iwe na raba isiyoteleza. Kama kinakunjwa, kikifunguliwa kijifunge imara, kisiweze kujikunja mtoto akiwemo, na pasiwe na mwanya wa kubana vidole. Kitambaa kitoke ili kifuliwe. Kwa mtoto anayecheua hilo si anasa. Kiwe na chaguo la kuegamisha chini zaidi, na kwa wiki hizi tumia hilo la chini kabisa.

Halafu soma lebo. Utakuta uzito wa mwisho, ambao kwa vingi ni kilo 9, lakini usiutegemee huo peke yake. Siku mtoto anapoanza kujivuta ili akae mwenyewe, kiti kimekwisha kazi yake, hata kama ana kilo 7. Kwa wengi ni karibu na miezi 6, kwa wengine mapema. Vilivyotengenezwa kwa viwango huandikwa: Ulaya ni EN 12790, Marekani ni ASTM F2167. Kisicho na jina la mtengenezaji, lebo wala maelekezo, kiache hapo hapo ulipokikuta.

Muziki, taa na kutetemesha si lazima. Ukipenda chenye betri, hakikisha kifuniko kinafungwa kwa skrubu, hasa kama ni zile betri ndogo za mviringo, kwa sababu mtoto akimeza moja inamchoma koo ndani ya saa chache. Kile kipande cha juu kinachoning'iniza vichezeo si mpini. Usikinyanyue kiti kwa hicho, na mtoto akiwemo usikinyanyue kabisa. Mtoe, hamisha kiti, mrudishe.

Kilichotumika si kibaya, mradi kimekamilika: mikanda yote, vifungo vinavyolia tak vikifungwa, fremu isiyopinda wala kupata ufa, kitambaa chake chenyewe na si cha kushonea. Tafuta jina na namba ya modeli kwenye mtandao uone kama kiliwahi kurudishwa kiwandani kwa kasoro.

Na wazazi wenzako wanaosoma hapa wenye mtoto njiti au aliyezaliwa na uzito mdogo, au mwenye tatizo la moyo, mapafu au misuli, msimweke kwenye kiti cha namna hii kabla ya kuzungumza na daktari wake. Kwao hewa inaweza kupungua hata wakiwa macho, kwa kuegama tu.

Mwanangu, kile cha binamu usikirudishe wala kumpa mtu mwingine. Kabla ya kukitupa, kata kitambaa kwa mkasi, kata na mikanda, kisha pinda fremu, ili atakayekiokota asiweze kumweka mtoto wake humo.